Mboga za Nyuma ya Nyumba ni za Nani?



Tangu kiangazi kilipoanza mwezi wa 6, swali moja limezunguka katika jumuiya zetu humu Nakivale na halijapata jibu lililoturidhisha wote. Swali ni hili: lengalenga, mihogo na maharage aliyopanda mtu nyuma ya nyumba yake, je, ni mali yake peke yake, au mwenye njaa naye ana sehemu humo? Na kama ana sehemu, ni ipi, na aichukue kwa njia gani? Wako wanaosema hakuna cha kujadili, mwizi ni mwizi. Wako wanaosema njaa haina sheria. Sisi tunaoandaa ukurasa huu tumekaa na swali hili jioni nyingi, tumebishana, na mengine tumeyaacha bila kukubaliana. Tunaleta hapa tulichokiona, nanyi mtupime.

Zamani swali halikuwa kali hivi. Mgao ulipokuwa kamili, bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa ya kuongezea mboga kwenye maharage na ugali, na mtu akikuta jirani amechuma majani mawili matatu alicheka tu. Lakini mwezi wa 4 mwaka 2020 mgao wa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi wa 2 mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya kipimo kamili. Mwaka 2023 tukaanza kupangwa katika makundi kufuatana na uhitaji, wengine wakipata kiasi, wengine kidogo, wengine hawapati kitu. Sababu iliyotolewa ni kwamba michango ya wafadhili haitoshi. Basi bustani iliyokuwa ya kuongezea ikawa ndiyo chungu chenyewe. Hapo ndipo macho ya watu yalipoanza kuhesabu mashina ya jirani.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo lililotokea katika kijiji kimoja. Mama mjane alikuwa na mihogo ya miezi 9 aliyoilinda kwa ajili ya ada ya shule ya mwezi wa 9. Usiku mmoja mashina 14 yaling'olewa. Aliyeng'oa hakujulikana. Siku mbili baadaye, mchana kweupe, mtoto wa miaka kama 12 akakutwa katika bustani nyingine na fungu la lengalenga mkononi. Hasira yote ya mihogo ikamwangukia yeye. Wanaume walitaka kumpiga, wengine wakasema apelekwe polisi, mama yake akawa analia akisema mtoto amelala njaa siku mbili. Wazee waliingilia kati, mtoto hakupigwa sana. Lakini jumuiya ile iligawanyika, na mpaka leo wako watu wawili wasiosalimiana baada ya misa.

Hebu tuanze na wale wanaosema kwamba humu hakuna cha mtu. Hoja yao si ya kijinga. Wanasema: ardhi ni ya serikali, sisi sote ni wageni, jembe ulipewa na shirika, mbegu ulipewa na shirika, sasa unasemaje "mihogo yangu"? Ni kweli kwamba ardhi si yetu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inamruhusu mkimbizi aliyepewa kiwanja katika makazi kukitumia kwa kulima na kulisha mifugo, lakini hawezi kukiuza wala kukikodisha. Tena makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, yakatangazwa rasmi mwaka 1960, na wengi wao walirudi kwao baada ya mwaka 1994. Baadhi yetu tulipopimiwa viwanja tulikuta migomba iliyosahauliwa, tukala ndizi ambazo hatukuzipanda, wala hatukujua mkono uliozipanda. Kwa hiyo anayesema kwamba sote tunakula juu ya jasho la wengine anasema kweli.

Lakini ardhi ni kitu kimoja na mmea ni kitu kingine. Serikali haikumwagilia ile mihogo. Mtu anayelima nyuma ya nyumba humu anaanza kazi akiwa amechoka tayari, maana asubuhi ametoka kwenda leja leja katika shamba la mwenyeji, amelima mpaka jua la saa saba, amelipwa shilingi zake chache au kilo ya maharage, ndipo anarudi kushika jembe lake mwenyewe. Maji anayabeba kwa jerikeni kutoka mbali, na yale aliyooshea vyombo hayamwagi ovyo, anayapeleka kwenye kitalu. Anafukuza kuku. Anafukuza mbuzi (na hapa tuseme wazi, mbuzi wengi wanaokula bustani za maskini si mbuzi wa maskini, na wenye mbuzi hao wanajulikana). Kwa miezi 9 mama huyu aliona chakula kila siku na hakukila. Kujizuia huko nako ni kazi. Anayeng'oa shina anachukua ile miezi 9, hachukui ardhi ya serikali.

Yuko Mwingereza mmoja, John Locke, aliyefundisha mwishoni mwa karne ya 17 kwamba mtu akichanganya kazi yake na ardhi isiyo na mwenyewe, mazao yanakuwa mali yake. Waalimu wetu hupenda kumtaja. Lakini aliweka sharti ambalo hutajwa mara chache: kwamba wengine wabaki na ardhi ya kutosha na nzuri kama ile. Sasa tujiulize. Waliofika miaka ya zamani walipimiwa viwanja vikubwa. Kwa wengi waliofika Uganda tangu mwaka 2016 kipimo kilichotajwa ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, chini ya robo ya eka, na humo humo iko nyumba, jiko na choo. Na wako ambao hata hicho hawakukipata. Kwa hiyo sharti la Locke halitimizwi hapa. Kazi ya mikono inatupa haki juu ya mazao yetu, lakini haitupi haki ya kusema kwamba asiye na bustani ni mvivu. Tumesikia neno hilo likisemwa hata na wasoma masomo kanisani, na si la kweli. Wengine ni wazee, wengine ni wagonjwa, wengine wana watoto wachanga wawili mgongoni na tumboni, wengine walifika juzi na bado wanalala kwenye turubai.

Sasa tuwageukie wale wa "mwizi ni mwizi". Wanapenda kutuambia kwamba Biblia haina utani na wizi. Tunakubali. Lakini waisome yote. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Musa anawaruhusu watu wanaoingia katika shamba la mizabibu la jirani kula zabibu mpaka washibe, ila wasitie katika chombo. Na katika shamba la ngano wanaruhusiwa kuvunja masuke kwa mkono, ila wasipeleke mundu. Tumelifikiria sana neno hilo, kwa sababu linapima wizi kwa namna ambayo mahakama za siku hizi hazipimi. Swali la Musa si tu "ni cha nani?" Ni "umechukua kwa nini, kwa mkono au kwa gunia?" Na ndiyo maana katika Mathayo sura ya 12, wanafunzi wa Yesu walipovunja masuke ya ngano kwa sababu ya njaa, Mafarisayo waliolalamika hawakusema lolote juu ya wizi. Walilalamikia siku, kwamba ilikuwa Sabato. Juu ya ngano yenyewe hakuna aliyefungua kinywa, ingawa lilikuwa shamba la mtu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikwenda mbele zaidi. Alifundisha kwamba mtu akiwa katika shida ya wazi na ya haraka, isiyo na njia nyingine ya kuiponya, akichukua cha mwingine ili aishi, hicho si wizi kwa maana halisi ya neno. Vijana waliposikia hayo walifurahi mno, tukaona tuwaombe wasifurahi haraka. Thoma hakusema kila mwenye njaa achukue. Alisema shida iwe ya wazi, iwe ya haraka, na njia nyingine isiwepo. Yule aliyekuja usiku na panga, akang'oa mashina 14, akayabeba kwa gunia, hakutafuta chakula cha jioni ile. Mashina 14 ni biashara.

Na kuna jambo ambalo wakulima wa kwetu Kivu walilijua kabla ya kusoma kitabu chochote: jani na mzizi si sawa. Lengalenga, ambayo wenyeji wa hapa huiita dodo, inakuwa tayari kuchumwa katika wiki 3 au 4, na ukiikata juu bila kuing'oa inachipua tena. Matembele ni hivyo hivyo. Sombe nayo hurudi, ingawa ukikwangua majani ya muhogo kila wiki mizizi itakuwa midogo kama vidole. Lakini mzizi ukitoka umetoka. Anayechuma majani anamwachia mwenyewe mmea. Anayeng'oa hamwachii kitu, tena anawaharibia hata wasio na habari, kwa sababu baada ya usiku ule majirani wote waling'oa mihogo yao ikiwa bado michanga, wakihofia kuibiwa. Chakula cha kijiji kizima kilipungua kwa ajili ya gunia moja. Wako pia walioapa kwamba msimu ujao hawapandi kitu kinachokaa zaidi ya miezi mitatu. Huo ni msiba mkubwa kuliko wizi wenyewe, maana muhogo ndio unaosubiri ardhini wakati mahindi na maharage yamekwisha.

Tuongeze onyo moja ambalo ni la uhai na kifo. Mihogo mingine ni michungu, ina sumu ya sianidi, na mama zetu huiloweka siku 3 au zaidi kabla ya kuianika na kuisaga. Anayekula ya wizi anakula kwa haraka na kwa siri, hana nafasi ya kuloweka mbele za watu. Na hata mwenye shamba aliyeing'oa kabla ya wakati kwa hofu, njaa inamsukuma kupunguza siku za kuloweka. Kule Kongo upo ugonjwa uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango: miguu inakakamaa ghafla na haiponi. Unawapata hasa wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vema, bila maharage, samaki wala nyama ya kusaidia mwili. Watoto na mama ndio wanaoumia zaidi. Hivyo aliyekula mzizi wa wizi bila kuujua ni wa aina gani anaweza kuwa ameiba kilema.

Mpaka hapa mtadhani tumeshakata kesi: jani ni huruma, mzizi ni wizi. Sivyo. Limebaki swali la mtoto wa lengalenga. Njaa yake ilikuwa ya wazi, na alichukua jani. Lakini je, hakuwa na njia nyingine? Nyumba ile ilikuwa na mlango. Angeweza kubisha hodi. Tulipomwuliza kwa upole kwa nini hakuomba, alisema mama yake alishaomba katika nyumba ile mara mbili, na mara ya tatu aliambiwa mbele ya watu, "Kila siku ni wewe tu."

Hapo tulinyamaza. Maana neno hilo wote tunalijua. Tumeambiwa, na wengi wetu tunajua linavyochoma. Mtu aliyewahi kuwa na shamba lake Uvira, Fizi au Masisi, aliyewahi kuwagawia wengine, leo anasimama mlangoni kuomba majani. Anajikaza mara ya kwanza. Mara ya pili anajikaza zaidi. Neno kama lile likimkuta, hatarudi. Atamtuma mtoto, na mtoto atapita nyuma. Kwa hiyo katika ile "njia nyingine" ya Thoma wa Akwino, sisi wenye bustani tuna mkono. Tunaweza kuiacha wazi, na tunaweza kuifunga kwa sentensi moja, kisha tukamkamata anayepita penye ua.

Kwa hili tunamkumbuka Boazi. Ruthu alikuwa Mmoabu, mgeni, mjane, amefika na mama mkwe wake bila kitu. Sheria ya Walawi sura ya 19 ilikuwa imemwachia maskini na mgeni pembe za shamba na masazo. Boazi angeweza kuishia hapo. Lakini aliwaambia wavunaji wake wadondoshe masuke kwa makusudi, na wasimkemee. Hilo la kutomkemea tunaliona kubwa kama shayiri yenyewe. Ruthu alirudi jioni na chakula alichokiokota kwa kazi yake, hakuna aliyemhesabia mara ngapi amekuja.

Mtatujibu kwamba Boazi alikuwa na shamba la kuajiri wavunaji, na sisi tuna mita 30 kwa 30. Jibu hilo ni la haki. Pembe ya kiwanja cha namna hiyo ni nini? Familia ya watu sita haishibi kwa kiwanja hicho hata ikila pembe zake zote. Hatuthubutu kumwambia mama mwenye watoto watano aache mstari wa maharage kwa ajili ya mpita njia. Wajibu wa Boazi haumwangukii kila mtu kwa uzito ule ule, na anayehubiri kugawa bila kutazama chungu cha anayemhubiria afadhali anyamaze.

Hata hivyo kuna vitu ambavyo mkulima mdogo anaweza kuvitoa bila kupungukiwa. Cha kwanza ni mbegu na vipandikizi. Shina moja la lengalenga likiachwa likomae linatoa mbegu kwa maelfu, nyingi kuliko kitalu chako kinavyoweza kumeza. Fimbo za mihogo baada ya mavuno, wengi wetu tunazichoma kama kuni. Mizabibu ya matembele tunaitupa. Huyo unayemnyima jani leo kwa sababu ni dogo, ungempa fimbo tano za muhogo na fungu la matembele wakati wa mvua, miezi michache ijayo asingesimama mlangoni kwako. Na asiye na ardhi kabisa ana gunia: linajazwa udongo uliochanganywa na samadi na majivu kidogo, katikati inasimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, pembeni yanatobolewa matundu, miche inaingia. Linakaa mlangoni ambapo mwenyewe analiona akiwa amelala. Kwa mzee au mgonjwa hata gunia ni mzigo, na kwake yeye haki ni jani lenyewe, tena lipelekwe, asingoje kuja.

Wapo walioonya kwamba tukionekana tunalima tutahesabiwa tunajiweza, na mgao utakatwa zaidi. Hofu hiyo haikutoka hewani, tangu makundi yaanze mwaka 2023 kila mtu anajiuliza anatazamwaje. Lakini mwaka 2020 na 2021 walipunguziwa wote, waliolima na wasiolima, na yule asiyelima ndiye aliyelala njaa kwanza. Nabii Yeremia alipowaandikia waliohamishwa Babeli aliwahimiza wapande bustani na kula matunda yake huko huko ugenini, ingawa aliwaahidi pia kwamba siku ya kurudi ingefika. Tutapanda, basi, na anayetaka kuhesabu ahesabu.

Katika mkutano uliopita, jumuiya nne zilikubaliana mambo machache kabla ya mvua za mwezi wa 9. Kila nyumba yenye nafasi itapanda mistari miwili ya lengalenga upande wa njia, nje ya ua, na mistari hiyo haina mwenyewe: anayepita mchana achume kwa mkono, asing'oe, asitie katika gunia. Ndani ya ua ni mali ya aliyelima, na mzizi haugusi mtu yeyote bila ruhusa, mchana wala usiku. Anayekamatwa apelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, asipigwe, na akiwa mtoto aulizwe kwanza amekula lini. Mihogo ya mjane bado inatugawa. Wengine wanataka ilipwe na jumuiya nzima kwa kuwa mwizi ni mmoja wetu, wengine wanasema kulipa deni la mwizi ni kumtia moyo. Sisi tunaoandika tuko upande wa kulipa, kwa sababu ada ya shule haingoji mwizi ajulikane. Waliopinga nao wana sababu zao, na tumewaomba waziandike kwa toleo lijalo.

Mbegu za lengalenga ziko kwa katekista, na fimbo za mihogo zisizo na ugonjwa zitaletwa uwanjani mwa kanisa Jumamosi mbili za kwanza za mvua. Njooni na karatasi au kipande cha kitambaa cha kufungia mbegu, mifuko hatuna.